Tutaingia Katesh Tukikokota Baiskeli

Mafinga,
Jumapili jioni.

Dada Zainabu, shikamoo.

Assalaam aleikum. Shemeji naye namwamkia hapo alipo. Kifua chake kimepata nafuu? Na wewe mgongo unauonaje, maana kumwinua mama kitandani kila asubuhi siyo kazi ndogo. Mimi mzima. Kazi ya umeme kiwandani inaendelea, ila kelele za misumeno ya mbao zimeanza kuniharibu masikio. Mtu akiniita kwa nyuma sigeuki, wenzangu wanasema naringa. Baridi ya huku inaingia mpaka ndani ya godoro. Chakula kipo, alhamdulillahi.

Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Meseji zangu watoto huzisoma kwa sauti mbele ya mama, uliniambia mwenyewe, na haya siyo ya kusomwa sebuleni. Barua hii nitampa dereva mmoja wa basi ninayemfahamu, atakuachia pale stendi.

Habari kubwa ni kwamba nimepata likizo mwezi wa nane. Nakuja nyumbani, lakini siji peke yangu. Unakikumbuka kikundi chetu cha baiskeli, kile ulichokiita cha watu wazima waliokosa kazi? Kila mwaka tunafanya safari moja ndefu, na mimi ndiye mpanga njia, kwa sababu wengine wakipanga tunaishia porini bila maji. Mwaka huu wamechagua kwetu. Deo, kijana seremala, aliona picha za bonde la Yaeda Chini kwenye simu yake, akawa hasikii kitu kingine. Nikamweleza kwamba kule ni njia za ng'ombe, miiba mitupu, na tyubu zikiisha atabeba baiskeli begani. Alininunia wiki nzima. Mwishowe tukakubaliana: baiskeli tuzifunge juu ya basi mpaka Singida, hapo tuanze kunyonga pedali mpaka Katesh, tupumzike. Kisha tupite Nangwa na Dareda, tupande zile kona za mlimani hadi Dongobesh, halafu Mbulu, tumalizie kijiji cha Daudi kwa wazazi wa Sista Agripina. Wale ni wakulima, na wameshatuahidi maharage na maziwa mgando.

Huyu Sista Agripina ni nesi wa zahanati, ametuzidi umri sote, na ndiye anayetangulia tukiwa njiani. Ndiyo desturi yetu: mwenye mwendo mdogo kuliko wote anakaa mbele, wengine tunamfuata nyuma, hakuna anayeachwa. Deo hulalamika, lakini anafuata.

Jumamosi tulikutana kupanga malazi. Kwenye orodha tulipofika Katesh, nikasema tutalala gesti. Wakanitazama. Deo akauliza iweje kwetu kupo halafu tulale gesti. Nikasema nyumba ni ndogo. Hawakuniamini, kwa sababu kwa miaka mingi nimewasifia ule ua wetu. Basi nikawaambia kuhusu mama na ile simu.

Wewe uliyaona ya upande wa huko, ngoja nikuandikie ya upande wangu. Siku ile uliyompa mama simu, nilikuwa nimesimama nje ya kiwanda, nimeziba sikio moja kwa kidole. Nikamsikia anapumua, halafu akasema taratibu, kwa ile sauti aliyotufundisha sisi kuwasemesha wakubwa, "Shikamoo." Nikamwambia, "Shikamoo mama, ni mimi Hamisi." Akarudia, "Shikamoo, baba." Nami nikarudisha shikamoo yangu tena. Nilishindwa, dada. Mdomo huu utaitikiaje marahaba kwa mtu aliyenizaa? Akaniamkia tena huku analia, na simu ikakatika. Baadaye ukanieleza kwamba alikaa mlangoni mpaka jioni, akisema yule mzee wa kwenye simu amemkasirikia, amekataa salamu yake. Ukaniambia wewe humwitikia marahaba kila asubuhi, naye anakunywa uji wake vizuri. Nilikukasirikia, nikaona umemvunjia heshima. Tangu hapo nikipiga nauliza hali yake tu, sikuombi umpe simu.

Mama huyu tunamjua. Nikitoka madrasa nikapita bila kumwamkia, alinirudisha hadi mlangoni niingie upya, hata kama chakula kinapoa. Na zile siku za mnada wa Nangwa, amekaa kwenye keria ya baiskeli ya marehemu baba, amepakata robota la vitenge, mimi nakimbia nyuma. Kila mzee waliyempita, mama alimwinamia, shikamoo, shikamoo, mpaka baba akawa anagomba kwamba baiskeli inayumba. Leo watu wote kwake wamekuwa wakubwa, yeye peke yake ndiye mtoto. Inaniuma sana.

Nilipomaliza kuwasimulia, hata Deo hakuwa na utani. Alishika mnyororo wa baiskeli yake akawa anaufuta, nao ulikuwa safi. Kisha Sista Agripina akasema, "Hamisi, mama yako amebisha hodi. Mwitikie tu, asibaki amesimama nje."

Tukapanga upya. Umesema mama anaogopa wageni, sasa fikiria kundi zima la watu wenye helmeti na miwani myeusi wakimvamia uani. Kwa hiyo tukifika pale kituo cha mafuta, kabla ya kuingia mjini, tutashuka, tutavua helmeti na miwani, tutanawa nyuso. Toka hapo tutakokota baiskeli kwa miguu mpaka nyumbani, bila kupiga kengele. Deo akauliza na yeye akiamkiwa afanye nini. Sista akamwambia aitikie, na asithubutu kucheka. Halafu mimi nikauliza nani atatangulia kuingia. Nilitegemea wamtaje yeye, nesi amezoea wagonjwa.

"Anayetangulia ni mwenye mwendo mdogo," Sista akasema. "Safari hii ni wewe."

Leo asubuhi nilikuwa peke yangu najaza tairi upepo, nikajaribu kulitamka lile neno. Niliishia nusu, nikarudia kujaza upepo. Sitakuficha, dada, naogopa. Naona siku nitakayomwitikia ndiyo nitakuwa nimekubali kwamba mama hanijui tena. Lakini nikimfikiria pale mlangoni, ameinamisha kichwa, anajiuliza amekosa nini, naona hofu yangu haina maana. Wewe ulishalijua hilo zamani, na ulikuwa peke yako. Unisamehe kwa hasira yangu.

Usihangaike na vitanda, mikeka inatutosha. Shemeji asichinje mbuzi, kuku wanatosha, namjua kwa sifa. Mama usimwambie mapema kwamba kuna ugeni.

Msalimie binti yako mkubwa, yule anayemwogesha bibi yake, mwambie mjomba anaitambua kazi anayoifanya. Jirani yetu Mkristo anayemrudisha mama akipotelea sokoni, mpe shukrani zangu. Na mzee wa duka la spea aliyekuwa anamuuzia baba tyubu, mwambie aweke za kutosha, upepo na mawe ya huko tunayafahamu.

Kwa mama, tangu niondoke nyumbani salamu zangu ni zilezile: mpe shikamoo yangu. Safari hii usimpe, itamchanganya. Nitunzie wewe. Yeye mwambie tu kwamba yule mzee wa kwenye simu hajakasirika. Mwambie amesema marahaba.

Mdogo wako,
Hamisi