Kisa cha Saba Kitolewe

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo wewe na wanao? Mimi miguu imegoma na daktari ananihesabia wiki, lakini mkono wa kalamu bado unanitii, basi nautumia kabla nao haujaniasi.

Nimeona tangazo la kituo chako: wiki mbili tu, na mtu anatoka mshauri wa watu walioumizwa utotoni. Kitabu mnachofundishia nilikiandika mimi. Ondoa Kisa cha Saba. Usiniulize sababu.

Mama yako

9 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole na miguu. Wajukuu wanakuulizia, mdogo anataka kujua kama meno yako bado yanalala kwenye glasi.

Kuhusu kitabu, samahani, hapana. Kisa cha Saba ndicho moyo wa kozi. Yule fundi cherehani unamfumbisha macho, unamrudisha alipokuwa na miaka minne, analia mpaka anaishiwa sauti. Bila sababu, kitabaki. Tunaanza tarehe ishirini. Pumzika, Mama.

Mwanao

12 Machi

Mwanangu,

Nafuu ya jana leo sina, ila sikuandika kulalamika. Unataka sababu? Kaa chini.

Kisa kinaishia kwenye kilio kwa kuwa mimi ndiye niliyekikatia hapo. Fundi aliniomba siku ya kwanza: "Mama, tuanze na usingizi. Silali." Nikamjibu tutaanza na mzizi. Nilikuwa na cheti cha wiki mbili na kiburi cha miaka ishirini. Saa yake ilipokwisha, nikamfungulia mlango akiwa bado ana miaka minne kichwani. Tangu siku hiyo hakuweza kumshika mwanawe mchanga. Akamwacha alelewe na dada yake. Mimi kwenye faili nikaandika: "Ameacha tiba kwa hiari."

Mwaka jana nilimtafuta, nikamwomba radhi. Hakuacha hata kushona.

"Radhi yako kaa nayo, Mama. Mimi nitoe kwenye kitabu chako. Kila mwaka watu wananisoma nikilia."

Usiniambie nilinde jina. Jina ni langu, nitalichana nitakavyo. Nimewaandikia wanafunzi wako wote kumi na wanane haya haya, na barua zimeshaondoka. Anwani nilipewa na karani wako; usimfukuze, nilimdanganya. Nikasirikie. Muda wa kukasirika wewe unao, mimi ndiye sina.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Umeamkaje? Kimya changu kilikuwa hasira, tena kubwa. Uliniaibisha.

Siku ya kwanza walikuja tisa, kila mmoja na barua yako mkononi. Mmoja akauliza, "Mwalimu, na wateja wako wewe, wangapi hawakurudi?" Nilifungua mdomo nimjibu jeuri, nikajikuta nahesabu. Wanne.

Kozi nimeifunga. Kurasa za fundi nimezikata kwa wembe, nakala zote, mwenyewe. Wale wanne nimewaandikia kuuliza kama naweza kuja. Mmoja tu kajibu.

Jana nilikwenda. Alifungua mlango nusu. "Ndani huingii."

"Siingii," nikasema.

Tukasimama hivyo, yeye ndani, mimi nje, bila swali hata moja, mpaka alipotaka yeye kufunga. Akafunga taratibu. Amesema Alhamisi nije tena, nisimame pale pale.

Mwanao