Nafasi Moja Pale Upinde

Kiuu, Ruiru
4 Februari 1996

Mdogo wangu Zahra,

Salamu nyingi. Mama anaendeleaje na mguu? Mimi huku ni mzima, ila roho ndiyo haijatulia.

Ni hii nafasi ya kujifunza uchoraji pale Upinde Studio, ghorofani juu ya saluni yenu. Miezi sita, hakuna mshahara, hata chai mtu anajibebea, na bado tunaipigania. Mara ya kwanza nilienda na setifiketi, nikaambiwa nirudi na picha. Nikarudi na picha. Mwenyewe, Bwana Ephantus, akazipekua kama mtu anayechagua nyanya, akasema nichore nyingine sita, za pakiti ya majani chai. Nilizichora wiki mbili. Siku ya kuzipeleka nilikaa kwa benchi tangu saa tatu hadi saa nane, halafu nikaambiwa ameshatoka kwa mlango wa nyuma. "Tutakuandikia." Wiki ya tatu hii.

Na jana nikakutana na Perez, yule tuliyesoma naye chuo. Amepata nafasi kama hiyo Nairobi, kwa mahojiano ya siku moja. Perez, Zahra! Anayechora mikono kama uma! Nilimpongeza mpaka mashavu yakaniuma, nikafika nyumbani nikashindwa kula.

Wewe unasuka nywele hapo chini tu. Tafadhali panda ngazi uwaulize wameamua nini. Uliza, ushuke.

Dadako,
Saida


Thika
20 Februari 1996

Dada Saida,

Habari ya Ruiru? Sisi tuko salama. Mguu wa Mama umepungua kufura, jana alitembea mpaka kwa jirani.

Nilipanda. Wanasema bado wanaangalia. Usife moyo. Nina haraka, wateja wamejaa.

Mdogo wako,
Zahra


Ruiru
14 Aprili 1996

Zahra,

Natumai wewe na Mama hamjambo. Mimi sijambo.

Nzioka, ninayeuza naye hapa duka la vitabu, alikuja Thika Ijumaa kuchukua kibao kipya cha duka. Amerudi na kibao na habari. "Hukuniambia mdogo wako ni msanii," akasema. "Nimemwona pale Upinde na aproni imejaa rangi, anachora herufi." Nikamwambia amekosea mtu. Akacheka. "Basi ana pacha, mpaka lile pengo la meno."

Miezi miwili! Umeniandikia mstari mmoja, "bado wanaangalia", kumbe unayeangaliwa ni wewe.

Nani alikufundisha kushika brashi? Nani alikuonyesha kwamba kivuli si cheusi? Mimi ndiye niliyekaa kwa lile benchi. Nilikutuma uniletee jibu, ukajichukulia kiti.

Nimejaribu kukufurahia, maana ndivyo dada anavyopaswa. Imekataa. Napanga madaftari huku nafikiria sasa hivi umechovya rangi gani. Mteja akiniuliza bei naisahau. Ingekuwa Perez ningezoea. Lakini wewe!

Dadako,
Saida


Thika
21 Aprili 1996

Dada yangu,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima, hata kama umenikasirikia. Mama anakusalimu. Yeye hajui tunagombana.

Nilikosea kukuficha. Wacha nikwambie ilivyokuwa. Siku ile nilipanda, nikaambiwa ningoje kwa benchi. Nilikuwa na karatasi ya saluni, nikaanza kuchora mtindo ambao mteja wangu alitaka. Akapita Amrita, ndiye mchoraji wao mkubwa. Akainama. "Nani alikufundisha?" Nikasema, "Dada yangu, ndiye nimekuja kuulizia." Akaichukua karatasi, akaingia nayo ndani. Bwana Ephantus akatoka.

"Unaweza kuanza Jumatatu?"

"Mimi sikuja kuomba. Nimetumwa na dada yangu Saida."

"Dada yako anachora vizuri, lakini kama vitabuni. Nimekuuliza wewe. Unataka au hutaki?"

Nikasema nataka. Saida, lilinitoka kabla sijafikiri, na nilipofikiri sikulirudisha.

Aliniuliza setifiketi ya fom four, ya kumaliza sekondari. Nikasema inakuja. Unajua haiji. Mama alipougua, mmoja wetu ilibidi abaki nyumbani, na wewe ulikuwa umebakisha mwaka mmoja chuoni. Sikulaumu. Nasema tu.

Asubuhi niko Upinde, mchana nasuka. Kazi yenyewe ni kuosha brashi na kupika chai ya watu. Lakini juzi nilipewa kibao cha bucha ya Makongeni, nikachora ng'ombe peke yangu. Watu wanapita wakiinua macho kumtazama. Sijawahi kuwa na kitu changu ambacho watu wanainulia macho. Wewe una chuo, una duka, una chumba chako. Niachie hii moja tu.

Mdogo wako,
Zahra


Thika
9 Mei 1996

Saida,

Natumai uko mzima. Mama hajambo.

Leo nimefukuzwa. Ilikuja barua isiyo na jina. Bwana Ephantus aliisoma mbele ya kila mtu, kwamba huyu mnayemfundisha hana setifiketi, aliachia shule fom two. Halafu akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaniomba aproni. Amrita alibishana naye, haikusaidia.

Niliomba niione hiyo barua. Mimi nilijifunza kuandika kwa kunakili daftari zako, Saida. Nani mwingine anaikunja "g" vile?

Ungesema uwongo ningejitetea. Lakini hukuandika uwongo hata neno moja. Uliacha tu kutaja sababu.

Mama ananiuliza mbona nimerudi mapema. 

Binti wa mama yako,
Zahra


Ruiru
2 Juni 1996

Zahra, mdogo wangu,

Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali, lakini nauliza. Hii ni barua ya tano, nne nimezichana.

Ni mimi. Niliiandika juu ya kaunta dukani, nikaipeleka posta mbio, kabla moyo haujageuka.

Usinidhanie mwema hata sasa. Wiki mbili baadaye Upinde walipiga simu dukani kuniita, nami nikaenda. Nilivaa ile blauzi ya buluu. Bwana Ephantus akasema nichore nyingine nne, za sabuni, ahakikishe ninafaa. Nikauliza zile sita za majani chai ziko wapi. "Mteja alishazichukua," akasema, kama mtu anayekwambia saa.

Lakini hata hilo silo lililonitoa pale. Ukutani juu ya meza ya Amrita kuna karatasi yako imebandikwa, mwanamke anasukwa nywele, amefumba macho kwa uchungu huku anacheka. Sikuuliza ni ya nani. Nilisimama nikatafuta kosa. Nilitafuta kweli, Zahra, nikitamani nilipate. Sikulipata. Na wivu ukanishika upya, palepale, baada ya yote niliyokutendea.

Ndipo nikamwambia Bwana Ephantus kwamba barua niliandika mimi, na kwamba uliacha shule kumuuguza mama yetu ili mimi nimalize. Akasema sheria ni sheria, kisha akauliza kama zile nne nitazileta Ijumaa. Nikashuka ngazi. Nilipita mlango wa saluni nikasikia sauti yako ndani. Sikuingia. Niliogopa.

Niruhusu nije Jumapili. Sitaomba unisamehe mbele ya Mama. Nitakaa tu.

Dadako,
Saida


Thika
11 Juni 1996

Dada Saida,

Sisi ni wazima.

Nimemwambia Mama yote. Akauliza kama huko unakula vizuri. Nilimkasirikia yeye pia.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Pale uliposema ulitafuta kosa ndipo nilipokuamini.

Mwenye saluni amenipa ukuta wote wa nje niuchore, kuanzia kesho. Amrita atakuja Jumamosi kuuona. Sitaki msaada, na brashi ninazo.

Usije Jumapili hii. Bado nina hasira, na sitaki unikute nayo. Njoo ile nyingine. Nitakuwa nimefika nusu ya ukuta. Ukiona wivu, uone tu, siwezi kukukataza. Lakini uniambie mimi. Usimwandikie mtu.

Mdogo wako,
Zahra