Nani Ataniangalia Nyayo

Yaya,

Nakuandikia nimekaa kwenye mkeka wetu, upande wangu. Upande wako hakuna mtu. Bado nina hasira na wewe, dada yangu mwenye kichwa kigumu, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Unakumbuka kila jioni, tukishakula maharagwe? Sukari ilikushika wewe kwanza, halafu mimi. Daktari akatuambia damu yenye sukari nyingi inakuwa nzito, inachelewa kufika miguuni, na mwisho nyayo zinakufa ganzi: unakanyaga msumari wala husikii. "Muangaliane," alisema. Basi ukawa unapigapiga mkeka: "Leta miguu, mama." Unaigeuza mapajani mwako kama mtu anayechagua viazi, unanicheka vidole. Kisha zamu yangu.

Bon, basi. Siku ile mimi nimekwenda Bugeshi kununua viazi, we ukashuka bila mimi amashyuza, kule maji ya moto yanakotoka ardhini kando ya ziwa. "Damu ikikuwa nzito, mayi ya moto itaiyeyusha," ulizoea kusema, kama wazee wetu wote waliopeleka kule migongo na magoti. Wenzako wa kule wameniambia: wao walichovya miguu wakaruka. Wewe ukatulia, ukajisifu kwamba u mgumu. Hukuwa mgumu, Yaya! Hukusikia tu. Ngozi ikabambuka, kidonda kikakosa damu ya kukiponya, kikapanda mguu mzima mpaka kikakuchukua.

Tangu tukuzike nawasha redio ili kuwe na mtu anayesema. Nyayo zangu naziangalia kwa kioo chako, nakilaza sakafuni, lakini macho hayafiki. Jana nimekuta damu kwenye soksi. Imetoka wapi, sijui. Nimejikunja hadi kiuno kikauma, sikuona kitu. Nikalia, na si kwa maumivu. Maumivu hakuna, ndiyo shida yenyewe.

Leo asubuhi jirani yetu, Mama Furaha, alikuja kunialika twende amashyuza, eti nikapashe damu moto. Nilimkatalia nikafunga mlango. Kuhusu soksi sikumwambia, niliona haya. Nani anataka kushika nyayo za mwanamke mzee? Ulikuwa wewe tu.

Pumzika, Yaya wangu. Nakuahidi, nikiweka kalamu chini naenda kumgongea Mama Furaha. Nitamkalisha upande wako, unisamehe, na nitamwekea miguu mapajani.

Mdogo wako.