Ramani ya Tokyo Mjini Tanga

Jumapili usiku

Tangu biashara iwe ruksa, mume wa dada amekuwa bwana mkubwa. Leo kanipakia gari lake lililotoka Japani, lenye kitelevisheni cha ramani kando ya usukani.

Kila alipokitazama, nilisoma Alhamdu kimoyomoyo kupima macho yake yatarudi lini barabarani. Tulipopita Raskazone nilifika nusu ya sura. Makorora niliimaliza yote, na mbele yetu kuna mzee wa baiskeli.

“Shemeji, mtu!”

Akakanyaga breki. Bampa ikagusa gurudumu la baiskeli.

“Mwanangu, hukuniona?” mzee akauliza.

“Shikamoo mzee. Nilikuwa naangalia njia.”

Njia za Tokyo, kwa Kijapani, na yeye kazaliwa hapo hapo Makorora!

Kesho anampeleka dada Muheza, na mimba yake kubwa. Nimemwambia dada aifunike hiyo Tokyo kwa kanga. Dada kacheka. Mimi sijaweza.