Shada la Mtama Mlangoni

Jumanne, 10 Juni 2025
Nimemaliza shada! Fito nimezikunja duara, juu yake mashuke ya mtama mwekundu, uwele, na vichwa vidogo vya alizeti vilivyokauka. Niliona la namna hiyo kwenye simu, mtu kalitundika mlangoni kwake. Mama mkwe ndiye aliyenionyesha kusuka mabua yasikatike – kwa mkono wa kushoto tu, maana wa kulia umelegea tangu apigwe na kiharusi. Msimu huu shambani hakufika kabisa. Kila siku, "Yasinta, nileteeni mavuno niyaone." Basi nimemletea, nimelitundika mlangoni. Tukimtoa nje kuota jua, analiangalia na kucheka peke yake.

Alhamisi, 12 Juni
Balaa! Mama Hosea, jirani, kaingia analia, mikono kichwani. Ati mama katutoka lini? Na mama mwenyewe yuko kwenye kiti anakunywa uji! Hapa Sepuka shada watu wanalijua la kaburini tu. Nikamweleza, tukacheka wote. Kumbe alipoliona tu kutoka barabarani alishampigia wifi Luciana, Singida mjini, kumpa pole ya msiba.

Ijumaa, 13 Juni
Wifi kafika. Hata shikamoo hakumpa mama yake! Kaling'oa shada, kalitupa kwenye moto jikoni. "Unamzika mama yangu akiwa hai? Unaitaka nyumba?" Mimi! Ninayemgeuza kitandani, ninayefua mashuka yake! Yeye alikuja Krismasi na kreti ya soda, akapiga picha, akaondoka.
Na Marko? Mume wangu mzima kasimama anaangalia viatu vyake. Ati tuachane na hayo mambo. Mambo gani?
Ugali umeungua. Wale hivyo hivyo.

Jumamosi, 14 Juni
Sisemi na Marko. Wifi yuko kwenye simu tangu asubuhi, anawaambia ndugu nimeweka ushirikina mlangoni. Ushirikina! Mtama! Kesho anamchukua mama, ati mimi si wa kuaminika. Mama hajaulizwa.

Jumapili, 15 Juni
Naandika chumbani. Gari limekuja baada ya ibada. Wifi kajaza nguo za mama kwenye begi. Mama akauliza anapelekwa wapi. "Kwangu, mjini, ukapumzike," wifi akajibu.
"Sikuchoka," mama akasema. "Lile shada tulisuka mimi na Yasinta. Umechoma mavuno yangu, Luciana."
Wifi akamgeukia dereva: msamehe, tangu augue kichwa hakiko sawa. Mbele yake! Kama vile hasikii!
Mama akamwita mwanawe. "Marko. Nani ananiogesha hapa?"
Marko akainama kufunga kamba za viatu. Baba mzima!
Nikashindwa kuvumilia. Nikamwambia mbele ya wote: "Marko, mama akitolewa humu na wewe umenyamaza, na mimi napanda gari hilo hilo. Nitashukia stendi niende kwetu Ulemo." Nikaja huku kuchukua kanga zangu. Sitanii.
Dereva anapiga honi. Wifi anasema mnyanyueni upande ule, na mama anasema niacheni, niacheni.
Marko kakohoa. Namjua, akikohoa hivyo kuna neno limemkaba. Sema basi! Sema, mwanamume we –