Bomba lililosuguliwa

Saa sita kasoro dakika kumi, kipimajoto cha Asumani kilisoma nyuzi 61. Sitini na moja, Yasmine! Jana ulikiona mwenyewe kikipita 150, na wageni kutoka ofisi za City Centre mjini walitaka hizo 150 tu ili wampe kazi ya kutengeneza matanuri ya jua hapa kambini Dzaleka.

Akakagua. Anga safi, upepo hakuna, kioo kimelenga jua sawasawa. 61.

Kisha akatazama bomba la mafuta yanayopashwa moto juu ya kioo. Alilipaka rangi nyeusi ili linase joto. Sasa liling'aa kama sufuria mpya.

"Nani amesugua hapa?"

Mama yake akacheka. "Ni mi! Na jivu na mchanga, tangu asubuhi. Bageni banakuja, we unataka babone masizi?"

Masizi, Yasmine. Ameiita masizi.

Wageni walipofika, Asumani akawaeleza kwa Kiingereza kwamba bomba linalong'aa hurudisha mwanga, akaomba siku moja alipake upya. Wakajibu kwamba ripoti inafungwa leo. Wakaandika 61.

Gari likaondoka. Mama hajui Kiingereza. Akamuuliza mwanawe, "Papa, bamependa?"

"Bamependa, mama. Banasema ni pasafi sana."