Skrini Ilisema Kuna Baridi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani, na kikohozi cha mama kimetulia? Mimi mwili haujambo, nashukuru. Ningeweza kupiga simu, lakini najijua: ningeuliza habari za watoto, nikacheka kidogo, nikakata. Kwenye karatasi sina pa kukimbilia.

Tulipozungumza mara ya mwisho ulisema umechoka na mumeo, kwamba mwanamume anayesinzia kazini hadi damu ya wagonjwa ikaharibika hana uso wa kukuomba hata chai. Nami nikaguna tu. Acha nikueleze ilivyokuwa, taratibu, maana hujawahi kuingia humu hospitalini tunamofanya kazi.

Chini ya jengo kuna chumba cha mitambo, hakina dirisha, kinanuka mafuta na vumbi lililoungua. Hapo ndipo shemeji alipokaa mbele ya skrini, akiangalia majokofu, feni na maboila ya jengo zima. Vyote vimeunganishwa kwa waya mbili nyembamba, na vinawasiliana kwa itifaki kongwe, yaani kanuni za mashine kuzungumza, ya tangu enzi kompyuta ilipokuwa kubwa kama kabati la nguo. Mashine kuu inaita namba, mwenye namba anataja joto lake, wengine kimya. Hakuna anayejitaja jina. Sisi mafundi hutania kwamba ni darasa la mwalimu mkali. Na mashine kuu ya nyuma haikumbuki. Inajua ya sasa tu.

Mchana ule muuguzi wa chumba cha damu alifungua jokofu akakuta mifuko ina joto kama imewekwa juani. Kulikuwa na mama amekwisha kulazwa kwenye meza ya upasuaji. Damu ikakimbizwa kutoka hospitali nyingine, mama akapona, lakini watu walikuwa roho mkononi. Mhandisi mkuu akashuka mbio kumuuliza shemeji alikuwa wapi. Shemeji akaapa kwamba hakubanduka kitini, na kwamba skrini ilisema kuna baridi. Wakaguzi walipokuja wakaitazama skrini wenyewe: ilisema joto, wazi kabisa, haihitaji miwani. Wakaamua alilala. Akafukuzwa.

Dada, shemeji hakulala.

Asubuhi ile nilifunga kipima joto kipya kwenye jokofu la dawa, ghorofa ya juu, nikakipa namba ambayo tayari ilikuwa ya jokofu la damu. Nilikuwa na haraka, sikuhakiki. Mashine kuu ikawa inaita damu, dawa inawahi kuitika, damu haisikiki. Kwa hiyo jokofu la damu lilipozimika, skrini iliendelea kusema baridi. Niliposikia zogo nilielewa papo hapo. Nikapanda ngazi, nikabadilisha namba ya kipima joto kile, nikafuta jasho, nikashuka. Ndiyo maana mbele ya wakaguzi skrini ilisema kweli, na mumeo akaonekana mwongo.

Kuna baya kuliko hilo. Alipokuwa akikusanya vitu vyake alinivuta pembeni akaniuliza, “Shemeji, wewe ndiye unayeijua mitambo. Hivi skrini inaweza kudanganya?” Nikamjibu haiwezi. Akasema basi labda kweli alipitiwa na usingizi bila kujijua. Nilimwona akianza kujishuku kwa neno langu, nami nikamsaidia kubeba mfuko wake hadi getini, eti mtu mwema.

Leo asubuhi nimemweleza mhandisi mkuu yote. Hakupiga kelele, alinyoosha mkono tu nimpe funguo. Shemeji ataitwa arudi kazini. Mimi sina kazi tena, na sina la kulalamika. Hata ninaponyoa ndevu siku hizi sijitazami machoni.

Nina ombi moja. Uliniambia mtoto wa mwisho, akimwona baba yake amefumba macho kwenye kochi, humtikisa akimwambia asilale, atafukuzwa tena. Nililisikia hilo nikashindwa kula. Wakusanye watoto wote, baba yao akiwepo, uwasomee barua hii kwa sauti. Usiruke mahali kwa kunionea huruma. Ukifika kwenye jibu nililompa, lisome mara mbili.

Mama mpe pole ya kikohozi. Shemeji usimpe salamu zangu. Nitakuja kumwamkia mwenyewe, kama atanifungulia mlango.

Mdogo wako,
Kiduchu